Jua Halimo Kwenye Hati

Dalali Jurua alisimama uani, kidole juu ya bati:
"Dada Ayikoru, tazama. Nne. Za kioo.
Umeme wa mji ukizimika Arua nzima
wewe utakuwa unapiga pasi."
Nikatazama. Paneli nne, zimelala upande mmoja wa paa
kama samaki waliopasuliwa wakaanikwa,
vumbi jekundu la Awindiri limezifumba macho.

Mwenye nyumba, mwalimu Onzima, hakusema kitu.
Alishika bilauri ya maji asiyoyanywa.

Nilikuwa na milioni thelathini na nane,
miaka kumi na tisa ya cherehani:
sare za shule, suruali za polisi,
kola, na baada ya kola, kola.
Yeye alitaka arobaini na mbili.
Nikasema, ukuta huu una ufa.
Akasema, ufa ni wa lipu, si wa tofali.
Nikasema, choo kiko mbali.
Jurua akadakia, "Lakini jua liko karibu!"
Tukacheka wawili. Wa tatu hakucheka.

"Nyumba ni thelathini na nane," mwalimu akasema mwishowe,
"za juu ni hesabu nyingine."
Nami ulimi wangu hauna kifuniko:
"Tangu lini jua la Mungu likapimwa kwa kilo?"
"Jua ni la Mungu," akajibu polepole.
"Nyaya ni zangu."

Tulikutana kwenye arobaini; mbili nilikopa.
Mwenyekiti wa kijiji akaandika kwa kalamu yangu,
yake ilikauka: nyumba moja, vyumba vitatu,
jiko, choo, mparachichi mmoja usiozaa,
paneli nne, betri mbili, na vyote vilivyoshikamana.
Mashahidi wakatia sahihi. Muhuri ukagonga.
Hakuna aliyeuliza betri zina umri gani.
Anayenunua mbuzi humfungua kinywa, akahesabu meno;
mimi niliona paa linang'aa, nikafunga mkoba.

Usiku wa kwanza niliwasha zote,
sebule, jiko, hata ile ya nje,
ya kuwaonyesha majirani kwamba nimefika.
Saa mbili na nusu zikaanza kuwa njano,
njano ya macho ya mgonjwa wa ini.
Saa tatu kasorobo, giza.
Giza la milioni mbili za mkopo.

Nikampigia, koroboi mkononi,
maneno nimeyapanga, kila neno na meno yake.
Akapokea mlio wa kwanza, kama aliyekuwa akingoja.
"Betri ya kushoto," akasema, salamu haijaisha,
"ilichoka mwaka jana. Ilikuwa inavuta mashine.
Ya pumzi. Ya mke wangu.
Miezi saba, usiku kucha.
Taa tulizima zote ili yeye apumue.
Nilitaka kukwambia pale kwa mwenyekiti,
midomo ikakataa.
Nitarudisha laki sita. Nipe mpaka mwisho wa muhula."

Nikanyamaza.
Mtandao ukakatika, au mmoja wetu aliukata.

Asubuhi nilipanda ngazi na ndoo na kitambaa
nikazifuta nyuso zote nne.
Niliposhuka, nyuma ya mlango wa chumba kidogo,
nikaona penseli, mwandiko wa ubaoni, ulionyooka:
*Machi 12, mpaka saa tisa usiku.*
*Machi 13, mpaka saa kumi.*
*Machi 14, mawingu.*
Chini zaidi, *mpaka asubuhi*,
imepigwa mstari mara mbili.
Halafu mbao tupu.

Fundi rangi anakuja Jumamosi.
Nimemwambia apake kila kitu, mlango huo auruke.
Akauliza kwa nini; nikamwambia rangi ni ghali.

Zile laki sita sijazitaja tena.
Wala sijasema nimezisamehe:
mkopo haulipwi kwa huruma.
Ila leo tangu alfajiri kuna mawingu,
nimechukua penseli ya kuchoria vitambaa,
nikachuchumaa pale mlangoni,
nikaandika chini ya mwandiko wake:
*mpaka saa tatu kasorobo.*