Sita kwa Saba

Riihimäki, Januari. Saa tisa alasiri
na dirisha limeshakuwa jeusi kama tako la sufuria.
Nawasha taa ya mezani, nafunga lenzi kichwani,
nakata.

Fimbo ya plastiki ya pembe sita,
nyembamba kuliko sindano ya kushonea magunia.
Wembe mpya, kipande cha kioo, pumzi nimeizuia.
Tak. Nati.
Tak. Nati.
Tak: hii imekwenda upande,
kama suruali iliyopigwa pasi na mlevi.
Itupe. Kata nyingine.

Pirkko wa mlango wa pili, aliyeniletea mkate,
aliinama, akatazama, akashika kiuno:
"Irja, zilizolegea ni za kichwani mwako."

Huenda.
Lakini ninalo gari la kusukuma theluji la kumaliza,
bamba lake la mbele lina bolti arobaini na mbili,
na pichani, kando ya bamba, amesimama Baba,
spana begani
kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Nati za kweli zilikuwa na upana
wa milimita thelathini na sita.
Gawanya kwa thelathini na tano.
Inabaki milimita moja na punje:
ndiyo nafasi niliyopewa
ya kumweka mtu mzima.

Nailowesha ncha ya brashi kwa ulimi,
naidokoa nati, naivusha meza
kwa mwendo wa mbeba mayai.
Tone la gundi, dogo kuliko kichwa cha sisimizi.
Inakaa. Naizungusha kidogo kwa pini
pembe zake zisilingane na za jirani,
maana hajazaliwa fundi wa kukaza bolti arobaini
zikatazama upande mmoja kama askari wa gwaride.
Hilo alinifundisha yeye,
bila kujua kwamba anafundisha.

Hazina hesi ndani. Nakiri.
Hakuna spana itakayozigeuza,
hakuna kutu itakayozing'ang'ania,
wala alfajiri ya baridi ile
ambayo ukishika chuma kwa kiganja kitupu
unaondoka, ngozi inabaki.

Ya thelathini na tisa. Ya arobaini.
Ya arobaini na moja iliruka.

Nikapiga magoti na tochi, shavu sakafuni.
Nikakutana na makombo, na kifungo,
na unywele wa paka aliyekufa mwaka juzi.
Nati nikaikuta baada ya saa nzima
imenata kwenye kiwiko changu mwenyewe.

Nikaibandika. Kisha, kwa kuwa macho yalishachoka
na mtu aliyechoka hutazama vingine,
nikairudia picha.
Kona ya chini, kushoto.
Si doa. Si kivuli.
Tundu.

Nilihesabu safu, sikuhesabu bolti:
sita kwa saba, nikatosheka.

Nikaenda jikoni, nikavuta droo ya chini.
Ile bolti Mama aliyovunjia njugu kila Krismasi,
nzito kama ngumi, imeng'aa kwa mafuta ya mikono yetu.
Baba alirudi nayo jioni moja mfukoni mwa koti.
"Nitaifunga kesho," alisema,
na kesho yenyewe wakamhamishia Kouvola.
Gari likasukuma theluji miaka kumi na minne
na bolti arobaini na moja, wala halikulalamika.
Aliyelalamika ni yeye,
kila theluji ilipoanza kudondoka,
kijiko kikisimama katikati ya supu.

Ya arobaini na mbili nilikuwa nimeshaikata.
Ni nzuri kuliko zote, kwa bahati mbaya.
Nilikaa nayo kwenye ncha ya brashi
hadi ulimi wangu ukakaukia juu yake.

Kisha nikachukua keekee ya unywele
nikatoboa kona ile, chini, kushoto,
nikapuliza unga wa plastiki,
nikaacha.

Na ile nati nikaibandika jikoni,
juu ya kichwa cha bolti kubwa, katikati kabisa,
chawa mweupe juu ya nyati.
Nikafunga droo.
Itang'oka Krismasi ijayo, najua,
njugu ya kwanza tu.