Nguo ya Kuazima

Bunge limefunga milango, wamekwenda likizo.
Mswada wetu umelala kamatini mwaka wa nne,
juu yake kikombe cha mtu kimeacha duara la kahawa.

Nami niko orofa ya tatu, saa nane za usiku,
nasoma sheria iliyotungwa kabla mama hajazaliwa,
sheria ya manunuzi ya serikali: viti, makaa, sabuni.
Natafuta neno moja lililoachwa wazi,
kama apapasaye mifuko ya koti la marehemu.

Nikalipata. Aya ndogo, mstari wa mwisho:
"kwa masharti ambayo Rais ataona yanafaa."
Ataona.
Nilicheka peke yangu hata mlinzi akaja kuchungulia.
Miaka yote hiyo kitenzi kile kimekaa
kinasubiri mtu aone.

Yazzie, bosi wangu, alivua miwani:
"Ni uzi huu tu? Mahakamani wataukata."
Basi tuushone mara mbili, nikasema.
Tukashona. Rasimu ya sita, rasimu ya kumi na moja.
"Wafanyakazi wote" ikawa "wafanyakazi wa wakandarasi,"
na hapo, kwa neno moja kufutwa,
nikawaacha nje watu nisiowajua majina.
Hilo sikumwambia mama.

Mama yangu, Aune, huosha sahani
katika kantini ya jengo la serikali, Duluth,
mji ambao ziwa lake huganda hata watu wakaegesha magari juu yake.
Alicholipwa kwa saa sikitaji; ana haya.
Ijumaa Rais alitia saini. Dakika mbili, picha, makofi.
Kalamu nikapewa mimi, imo ndani ya kasha la bluu.
Mama akauliza kwa simu:
"Wino wake ni wa kudumu?"

Miezi kumi na tisa.
Kisha kura, kisha rais mwingine,
meza ile ile, kasha la bluu lile lile,
dakika mbili, picha, makofi.
Tulichokipata bila kupigiwa kura
kikaondoka bila kupigiwa kura.

Wasemao nguo ya kuazima haisitiri matako
wana haki yao. Wana haki pia ya kuniuliza:
kalamu ikishikwa na mkatili, utasema nini?
Sina jibu. Nina tanuru.

Liko chini ya nyumba ya mama, jipya, la kijivu,
amelinunua kwa zile senti za nyongeza,
risiti ya malipo ya mwisho ameibana kwa sumaku ubavuni.
Amri imefutwa; tanuru halijapata habari.
Linanguruma tu, na nje ni Januari.

"Anika glavu zako hapo," mama akasema,
"zikikauka, urudi.
Safari hii uniletee sheria."