Mfungua Mlango

Saa tisa alasiri orodha ilibandikwa ukutani,
na juu kabisa, mahali pa mrushaji wa kwanza,
palikuwa na jina la Wendell Okerlund.
Nikadhani wamekosea.

Mimi ndiye nifuaye jezi zao hapa Des Moines,
mito miwili inapokutana nyuma ya uwanja,
na jezi namba hamsini na nane naijua.
Miaka minne inaniletea jasho la saa nne usiku,
jasho la zimamoto.
Wendell huitwa nyumba ikishawaka:
vituo vyote vitatu vimejaa,
jukwaani watu wanapapasa funguo za magari,
ndipo mlango wa zizi la akiba hufunguka
naye hutoka mbio pole, akitafuna kitu.

Leo aanze.

Kocha Brubaker alieleza, karanga zimemjaa mkononi:
wapigaji wakali hupangwa mbele,
wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Basi atangulie aliyezoea moto, awakabili hao,
awamu moja, akae.
Kisha aingie Yadiel, kijana wa mkono wa kushoto,
avute mzigo mpaka jioni.
Maana macho ya mpigaji ni ya mwenye duka:
siku ya kwanza hakujui,
ya pili anakutazama mikono,
ya tatu anashusha sukari rafuni
kabla hujafungua kinywa.
Anayechelewa kuingia
huenda akaondoka bado mgeni.

“Hesabu za watoto,” alisema Lyle, fundi wa nyasi.
“Zamani mtu alianza, akamaliza.”
Nilikuwa nakunja taulo. Sikutia neno.

Wimbo wa taifa ulimkuta hajui pa kuweka mikono;
miaka kumi na moja ameusikilizia zizini.
Kichuguu kilikuwa laini, hakina alama ya kiatu cha mtu.
Alikizunguka mara mbili,
kama anayekagua chumba cha kupanga.
Mpira wa kwanza ukapita juu ya kichwa cha mdakaji.
Watu wakacheka.
Wa pili ukaingia.
Mmoja akapunga gongo hewani mara tatu, akarudi.
Mmoja akapewa kituo cha bure.
Wa tatu aliupiga mpira kwa hasira, nikafumba macho;
nilipofumbua ulikuwa umelala kwenye glavu.
Wa nne hata sikumbuki.
Mipira kumi na tisa.
Brubaker akampa mkono,
na jua lilikuwa bado liko juu.

Awamu nane zilizobaki alikaa na koti begani,
kama mtu aliyewahi harusini
akakosa wa kumwonyesha kiti.

Tulishinda, tano kwa mbili.
Ushindi ukaandikwa jina la Yadiel.
Ndiyo sheria: aanzaye, asipofikisha awamu tano,
haandikiwi ushindi hata angefanya nini.
Kwake yeye daftari lilisema moja, kisha sifuri, sifuri.

Jezi aliileta mwenyewe.
“Leo sikukupa kazi,” alisema.
Nikamwambia, kwa Kiswahili, mgeni njoo, mwenyeji apone.
Akaniuliza maana yake. Nikamwambia ni ndefu,
aende akale.

Sikumwambia habari za Februari ile,
nyumba ya Barabara ya Hickman,
nilivyolala humo peke yangu siku nane
kabla dada yangu Nzigire hajafika na watoto.
Nilijifunza ufunguo upi huzungushwa mara mbili,
bomba lipi hulia usiku kama mtu,
jirani yupi husalimiwa na yupi huachwa.
Walipoingia, theluji mabegani,
wali ulikuwa wa moto na mashine ya joto inanguruma.
Watoto hadi leo huiita
nyumba ya mama Nzigire.
Sijawahi kuwasahihisha.

Niliigeuza jezi nje ndani.
Jasho la ukubwa wa kiganja mgongoni,
vumbi jekundu kidogo kwenye pindo.
Ilikuwa karibu safi.
Niliifua peke yake, kwa mkono.