Salamu Zimfikie Chenji

Kila Alhamisi, saa nne kasorobo,
tunapanda ngazi, mimi na yeye,
ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri,
jirani na stendi ya Moshi.
Ngazi ya saba ina ufa. Anairuka.
Alijifunza wiki ya kwanza.

Mtangazaji Abdurahimu anasogeza kiti:
"Usinielewe vibaya, Mama Nsia, nina udhu,"
kisha anainama, kwa mbali, kwa adabu,
anamwambia mbwa, "Karibu tena, mheshimiwa."

Taa nyekundu.
Ninasema niliyoyasema juma lililopita:
ana miaka mitatu, amechanjwa, amehasiwa,
rangi yake ya majani makavu ya mgomba,
mkia umepungua inchi mbili, kazi ya mlango wa gari.
Hauzwi. Anaombewa nyumba tu.
Na jina: mwenye duka wa Kiboriloni
alikosa mia tano ya kunirudishia,
akanionyesha kitu kilichojikunja nyuma ya kreti za soda,
akasema, "Beba hicho, tumemalizana."

"Abweke kidogo," anasema Abdurahimu, "wasikilizaji wamsikie."
Chenji anakitazama kipaza sauti
kama mtu anayetazama daftari la madeni.
Habweki.
Wilaya nzima inasikiliza mkia
ukigonga mguu wa meza:
to.
to.
to.

Simu zinaingia.
Fundi wa Njoro anauliza kama ni mkali.
Mama wa Rau anauliza kama ni mpole.
Mmoja wa Himo, bila kutaja jina, anauliza
mbwa koko matangazo ya nini, kwani anagombea udiwani?
Tunacheka. Mimi ninacheka kupita kiasi.

Halafu salamu.
Salamu zimfikie Chenji kutoka kwa Ndewirwa wa Marangu Mtoni,
kutoka kwa walinzi wote wa zamu ya usiku, ghala la kahawa,
kutoka kwa Aikaruwa, wodi ya wazazi, amejifungua salama,
ujumbe wake: usikate tamaa.
Wiki ya nne ana salamu nyingi kuliko bwana harusi.
Sokoni Mbuyuni wanamwita kwa jina,
muuza utumbo anamtupia kipande bila kuombwa,
mji mzima unamjua,
na saa kumi na mbili jioni ninafunga banda lilelile,
yeye ndani, mimi nje,
komeo moja.

Mbwa hafi maji akiona ufuko, walisema.
Huyu ufuko ameuona mara nne.
Umempungia mkono.

Jumanne, siku isiyo ya redio,
akaja mvulana na baiskeli isiyo na breki,
Kundaeli, wa Pasua, anauza mayai.
Kwao redio ilikufa tangu baba alipokwenda Mererani.
Hajasikia salamu hata moja.
Aliuliza tu, kidole kimeshapita kwenye wavu:
"Huyu anaitwa nani?"
"Chenji."
"Ya shilingi ngapi?"
"Mia tano."
Akapekua mfuko. Akapekua na wa pili.
"Nina mia tatu na yai."

Nikapokea yai.
Jioni nilikwenda kwao, maana ndiyo kazi,
nikaona ua, nikamwona mama,
nikaona bakuli limeshawekwa chini, limeshalambwa.

Alhamisi nikapanda na mwingine,
jike, jicho moja, mwoga wa feni.
Kwenye ngazi ya saba aligoma. Nilimbeba.
Abdurahimu akasogeza kiti,
akachungulia nyuma yangu, akimtafuta.
Salamu za Chenji zilikuwa zimefika thelathini na mbili.
Tukazisoma zote, moja moja,
zikaenda hewani juu ya Pasua
na juu ya bati la nyumba isiyo na redio.

Mguu wa meza umenyamaza.
Nikatafuta la kusema, nikalikosa,
na jike akainuka,
akakilamba kipaza sauti,
na wilaya nzima ikasikia.