Miezi Tisa Nyumbani kwa Delphine

Hatukubandika bango.
Bango walikwisha kulileta watu wa kusini:
tumbo la mwanamke, tumbo tu,
kichwa kimekatwa na ukingo wa karatasi.
Liko zahanati, karibu na mizani.
Delphine alilisoma, akarudi nyumbani, akanywa.

Basi tukaanza na mumewe.
Leander, tulimwambia, mimba ni ya wawili
na hiyo chupa mezani ni ya wawili vilevile.
Akacheka. Akanyamaza. Kisha akabeba kreti
akaimimina yote ziwani, kwenye tundu la barafu la kuvulia.
Kokum Adele akamfokea toka dirishani:
"Mwehu wewe! Samaki nao wana mimba!"

Chupa iliingia kwetu mwaka watoto walipochukuliwa bweni.
Ililala vitanda vyao.
Hilo halimo kwenye bango.

Ijumaa ya mshahara ndiyo ndefu.
Mavis alikuja na karata, mimi na sufuria ya supu,
na Orval, asiyejua la kusema,
alitengeneza mlango ambao haukuwa mbovu.
Wiki ya kumi na tisa Delphine aliteleza.
Hatukuhesabu.
Jumamosi tulibisha hodi, unga mkononi.

Nasema haya nami nina Tobias.
Nilipombeba, mlango wangu haukubishwa.
Sasa ana miaka kumi na mmoja:
jana alijua saba mara nane, leo hajui;
akikasirika, nyumba nzima huwa ya vioo.
Njia ya shule, hatua mia tano, humtoka kama ndoto.
Orval amemfungia vitambaa vyekundu misonobarini.
Mwalimu amefupisha maneno: Kaa. Vua buti. Kalamu.
Mwenye duka humwandikia chenji kiganjani.
Siku hizi hakuna anayeniuliza nilikunywa kiasi gani.
Huuliza: amekula? Amelala?

Mtoto wa Delphine alizaliwa Machi, tufani ya theluji ikivuma,
ndege ya wagonjwa imekwama kusini.
Atakuwaje, hatujui. Ana sauti ya kunguru.
Tuliingia mmoja mmoja, kimya.
Tobias alitazama muda mrefu,
akachomoa kitambaa chekundu mfukoni
(kumbe mti mmoja huko njiani uko uchi)
akakifunga kwenye susu.
"Asipotee," alisema.

Akatoka. Glavu kazisahau.
Nikamfuata nazo.