Pambizoni

Darasa letu liko Ibra, juu ya duka la vipuri vya magari.
Kiyoyozi kinakoroma kama mtu aliyeshiba wali.
Wanafunzi tisa, lugha moja ngeni,
Jumatatu na Jumatano, baada ya sala ya isha.

Miezi miwili niliwapigia ngeli ubaoni.
Wakaniandikia: *Mimi ni mwanafunzi. Kitabu ni kizuri.*
Nami nikazipaka insha zao wino mwekundu
mpaka zikafanana na sakafu ya asubuhi ya Idi.
Wakanirudishia kimya.

Ndipo nikanunua daftari moja, jalada gumu, baisa mia nane.
Hili si langu, nikawaambia.
Kila siku linalala nyumba nyingine.
Andika lolote. Ukurasa ni wako,
pambizo ni ya wenzako,
na mwalimu marufuku kushika kalamu.

Alianza Mundhir, wa mizani ya malori barabarani:
*Leo lori imebeba ngamia tatu. Ngamia moja ameniangalia
kama mimi ndiye nimepakiwa.*
Pambizoni, kwa mwandiko mwembamba, Bindu muuguzi:
*Ngamia watatu. Ngamia mmoja. Lakini nimecheka
hata mgonjwa wa kitanda cha nne akaamka.*

Lori *limebeba*, Bindu! Lori *limebeba*!
Mkono uliniwasha.
Nikaukalia.

Daftari likanenepa. Likapata doa la kahawa,
harufu ya ubani, chembe za mchanga kwenye mshono.
Yaqdhan akaandika kwamba falaji ya kwao imekauka,
na zamu ya maji aliyorithi kwa babu yake
sasa ni zamu ya kutazama mfereji.
Watano walimjibu. Wa sita alichora tu
kijiti kimesimama, kivuli, mawe ya kugawia saa,
kwa kuwa hakujua kinaitwaje.
Wala mimi sikujua.

Kisha likaenda kwa Shinuna,
anayekaa nyuma, anayeitika kwa nyusi.
Likakaa kwake siku nne.
Liliporudi lilikuwa na mistari mitatu:

*Kwetu Kiswahili ni lugha ya mlango kufungwa.
Bibi na dada yake waliongea ili watoto hatusikii.
Mimi najifunza kwa siri. Bibi hapana jua.*

Na pembeni, kwa penseli,
mwandiko unaotoka kulia kwenda kushoto,
mzito, wa mkono ulioacha kuandika zamani:
Kiswahili, ndani ya herufi za Kiarabu.

Darasa zima likainamia meza.
Herufi walizijua tangu chuoni, kwa fimbo na kwa halua;
maneno ndiyo waliyokuwa wakiyasaka.
Walisoma silabi kwa silabi, wakigombana juu ya irabu,
na Bindu, asiyejua hata alifu, akipiga meza:
Nisomeeni! Nisomeeni na mimi!

*"Hapana jua" ndiyo nini? Sema "hajui".
Na anajua.
Mlango tuliufunga kwa ajili ya bei ya samaki
na meno ya jirani. Hamkukosa kitu.
Penseli ya mjukuu wangu ni butu, mnunulieni nyingine.*

Shinuna alicheka, kisha akatoka kidogo,
akarudi na kope zimelowa, akaketi mbele.

Nimesahihisha miaka kumi na sita, Pangani hata hapa.
Sijapata kuona kosa
lililotoa matunda namna ile.

Mundhir akaongeza jina la kumi kwenye orodha ya zamu.
Hakuna aliyeniuliza.
Nami usiku ule, kabla halijaondoka,
nikavunja sheria yangu mwenyewe.
Nilichukua penseli, si kalamu,
nikaandika chini kabisa, kwenye kona, herufi ndogo:

*Bibi, naomba kuuliza.
Kile kijiti cha kupimia maji, na kivuli chake,
nyinyi mlikiitaje?*

Leo Jumatano.
Daftari bado liko kwake.