Fomu ya Mapendekezo

Fomu imeniuliza: *Jina kamili la mteuliwa.*
Nimeandika: Ghaniya binti Khalfan, mwalimu wa sanaa,
shule ya wasichana, Bahla.
Hapo sikusita.

Fomu imeniuliza: *Mafanikio yanayopimika.*
Mimi ni mwalimu wa hesabu, kupima ndiyo kazi yangu,
nikakaa na kalamu mpaka chai ikavaa utando.
Nitaipimaje siku ile alipowatoa uani saa tano,
jua kali kama mkaguzi,
akauliza, "Kivuli cha ukuta kina rangi gani?"
"Cheusi," darasa zima.
"Tazameni tena."
Wakatazama mpaka kengele ikalia,
mpaka Wadha, ambaye kwangu hajawahi kunyoosha mkono,
akasema kwa sauti ya mtu anayeungama:
"Mwalimu, ni zambarau."

Rangi zilipokwisha aliandika barua. Tatu. Hakujibiwa.
Akaja na bizari, maganda ya vitunguu,
ndimu kavu alizozichemsha mpaka maji yakawa kama kahawa,
na kutu aliyoikwangua kwenye mlango wa bohari.
Jengo zima likanukia pilau.
Siku ile milima ilichorwa na wenye njaa.

Fomu imeniuliza: *Changamoto alizokabiliana nazo.*
Hapa kalamu imenigomea.
Changamoto ni mimi.
Miaka minne, Alhamisi, kipindi cha saba,
nilibisha mlango wake:
"Ghaniya, mitihani imekaribia, nipe wasichana."
Akanipa.
Wakanawa, wakaja kwangu na madaftari,
udongo bado umo kwenye kucha,
wakaitafuta thamani ya x
kama watu waliotolewa harusini.
Hakunilalamikia. Wakati wa mapumziko,
tukikaa wawili na Kiswahili cha mama zetu,
alinimegea mkate wa ufuta, akauliza hali ya goti langu.

Wazee walisema chanda chema huvikwa pete.
Chanda cha Ghaniya pete huivua akikanda udongo;
mwaka juzi aliisahau, ikafinyangiwa ndani ya mtungi wa Muzna,
ikaingia tanuri, ikatoka imesawijika.
Anaivaa hivyo hivyo.
Hilo halina kisanduku kwenye fomu.

Nikamaliza kwa maneno mia mbili kamili.
Nikatia saini.
Habari za Alhamisi sikuandika.

Walimpa.
Maskati, ukumbi wenye baridi ya kugonganisha meno,
ukoo wake ukakosewa kusomwa,
akapanda, akapokea cheti, bahasha,
na kipande cha kioo kizito chenye umbo la mwali wa moto,
au jani, hatukukubaliana.
Njiani kurudi alilala, kioo mapajani kama paka.

Alhamisi iliyofuata, kipindi cha saba, nikabisha.
Wasichana wakaanza kufunika rangi; wamezoea.
"Hapana," nikasema. "Nimekuja kukaa."
Kioo kilikuwa dirishani, vidole vya rangi vimeshakichafua,
mwanga ukikipenya na kumwagika mezani
vipande vipande.
"Chora," akaniambia,
akanipa penseli fupi iliyokwisha kutafunwa na mtu.
Nikachora kingo zake zote, pembe zake zote,
nikahakikisha na digrii.
Akaja nyuma yangu, ananukia bizari,
akatazama kwa muda ambao mimi ningekuwa nimesahihisha madaftari sita.
"Umechora tuzo," akasema. "Mimi nimewawekea mwanga."
Kisha akanyoosha ule mkono wenye pete nyeusi
akaninyang'anya rula.